Syracuse 1959: Msimu wa Ubingwa na Jioni ya Dallas

Ubingwa wa taifa wa futiboli ya vyuo vikuu nchini Marekani ulichukuliwa mwaka 1959 na Chuo Kikuu cha Syracuse, chuo cha binafsi kilichopo katikati ya jimbo la New York, katika mji unaojulikana kwa theluji nyingi na majira marefu ya baridi. Timu hiyo ilicheza mechi 11 ikazishinda zote, ikapata pointi 413 na kufungwa pointi 73, na katika mechi tano wapinzani wake waliondoka uwanjani bila pointi hata moja. Ubingwa wenyewe ulithibitishwa mara mbili: kwanza kwa kura zilizopigwa mwezi Desemba, na kisha uwanjani, mjini Dallas katika jimbo la Texas, tarehe 1 Januari 1960, siku ambayo timu yenye wachezaji weusi miongoni mwa nguzo zake ilikutana na timu ya watu weupe watupu. Uthibitisho huo wa pili ndio wenye uzito mkubwa zaidi, na ndio unaoufanya msimu huo uwe sehemu ya historia ya Marekani na siyo ya michezo peke yake.

Futiboli ya Kimarekani haifanani sana na kandanda inayochezwa Afrika Mashariki, kwa hiyo ni vyema istilahi zake zielezwe mapema. Timu mbili za wachezaji 11 kila upande hugombea ardhi katika uwanja wenye urefu wa yadi 100, yaani mita 91 hivi, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kuuvusha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho huitwa tachidauni na huleta pointi 6, na baada yake timu hupata nafasi ya nyongeza: kuupiga mpira kwa mguu upite katikati ya nguzo kwa pointi 1, au, kwa kanuni iliyoanza kutumika vyuoni mwaka 1958, kuuvusha tena mstari kwa kukimbia au kwa pasi, kwa pointi 2. Anayeanzisha mashambulizi huitwa kwotabeki; nyuma yake hukaa mahafubeki na fulubeki, ambao kazi yao kubwa ni kukimbia na mpira; na mbele yao husimama watu saba wa mstari, ambao mara nyingi hawaugusi mpira kabisa bali huwasukuma wapinzani kwa mabega na vifua ili wakimbiaji wapate njia.

Kuna kanuni moja ya wakati ule ambayo bila kuieleza ukubwa wa kazi iliyofanywa Syracuse hauonekani. Tangu mwaka 1953 vyuo vilibanwa sana katika kubadilisha wachezaji, hivyo kwamba mtu aliyeshambulia ndiye aliyebaki uwanjani kulinda pale mpira ulipokwenda kwa wapinzani, tofauti na siku hizi ambapo kila timu ina kikosi cha kushambulia na kingine cha kulinda. Mchezaji bora wa zama zile alipaswa kujua kazi mbili na kuwa na pumzi ya kuzifanya zote mbili kwa dakika 60, na kocha alihitaji watu wenye uvumilivu kuliko wenye kipaji kimoja tu.

Kocha wa Syracuse, Floyd Schwartzwalder, aliyejulikana na wote kwa jina la Ben, alikuwa mtu wa uvumilivu wa aina hiyo. Alizaliwa mwaka 1909 katika jimbo la West Virginia, na alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo hilo alicheza katikati ya mstari, mahali pa watu wazito, ingawa uzito wake haukufika kilo 70. Alifundisha katika shule za sekondari hadi vita vya pili vya dunia vilipomchukua, akajiunga na askari wa miamvuli, akarukia Normandy mwezi Juni 1944, na akarudi nyumbani akiwa na cheo cha meja na nishani za ushujaa. Alipofika Syracuse mwaka 1949 aliikuta timu ambayo katika msimu uliotangulia ilikuwa imeshinda mechi moja tu kati ya tisa. Mbinu zake zilikuwa za mtu aliyeamini ardhi hutwaliwa kwa miguu: mpira wa kukimbia, watu wa mstari wakiwa wamepangwa wengi upande mmoja kuliko mwingine ili kumlemea mpinzani mahali pamoja, na mchezo mmoja aliouita mkasi, ambamo wakimbiaji wawili hupishana kama makali ya mkasi na mpira ukahama mkononi mwa mmoja kwenda kwa mwingine, huku walinzi wakimfuata asiye nao.

Kwa miaka mingi mafanikio aliyoyapata nyumbani kwa mbinu hizo hayakumpa heshima nje ya eneo lake. Watu wa Kusini na wa katikati ya nchi waliiona futiboli ya majimbo ya Mashariki kuwa laini, na Syracuse yenyewe iliwapa ushahidi. Kila mwaka, msimu ukiisha, timu teule hualikwa kwenye mechi za heshima ziitwazo boli, ambazo nyingi huchezwa Kusini siku ya mwaka mpya. Syracuse ilialikwa Orange Bowl ya Januari 1953 ikafungwa na Alabama 61 kwa 6, ikaalikwa Cotton Bowl ya 1957 ikafungwa na Texas Christian 28 kwa 27, na ikarudi Orange Bowl ya 1959 ikafungwa na Oklahoma 21 kwa 6. Mara tatu ilikwenda na mara tatu ilirudi mikono mitupu, na wachezaji wengi walioivaa jezi ya rangi ya chungwa katika vuli ya 1959 walikuwapo siku Oklahoma ilipowashinda.

Historia ya chuo hiki na wachezaji weusi ilikuwa na doa lililotangulia kizazi hicho. Mwaka 1937 Syracuse ilikuwa na kijana aitwaye Wilmeth Sidat-Singh, Mmarekani mweusi aliyechukua jina la baba yake wa kambo, daktari wa asili ya India, na kwa sababu ya jina hilo magazeti yalimtaja kuwa Mhindu. Mwandishi Sam Lacy wa gazeti la watu weusi la mjini Washington alipochapisha asili yake, Chuo Kikuu cha Maryland kilikataa kucheza dhidi ya mtu mweusi katika mechi iliyopangwa Baltimore, na viongozi wa Syracuse, badala ya kuondoka na timu yao, wakamweka benchi na kufungwa 13 kwa 0. Mwaka uliofuata Maryland walikwenda Syracuse, Sidat-Singh akacheza, na chuo chake kikashinda 53 kwa 0. Alikufa mwaka 1943 akiwa rubani wa jeshi, ndege yake ilipoanguka katika ziwa Huron. Uamuzi wa Baltimore ulikuwa wa aibu, na ushindi wa mwaka uliofuata, hata ungekuwa mkubwa mara mbili, haukuufuta.

Baadaye akaja Jim Brown, aliyecheza kati ya 1954 na 1956. Alifika bila ufadhili wa masomo wa chuo, akilipiwa kwa michango iliyokusanywa na watu wa mji wake wa Manhasset, na mwanzoni makocha walimpanga nyuma ya wenzake ambao hawakumfikia hata nusu. Alipoachiwa uwanja ukweli ulidhihirika: katika mechi ya 1956 dhidi ya Colgate alipata peke yake pointi 43, na katika Cotton Bowl ile iliyopotea kwa pointi moja alifunga 21 kati ya 27 za timu yake. Jezi yake ilikuwa na namba 44.

Ernie Davis alifuata nyayo hizo. Alizaliwa Desemba 1939 katika jimbo la Pennsylvania, akalelewa na babu na bibi yake katika mji wa Uniontown, na akiwa na umri wa miaka 12 akahamia kwa mama yake Elmira, mji mdogo wa New York uliopo mwendo wa saa mbili hivi kutoka Syracuse. Katika shule ya Elmira Free Academy aling'ara katika futiboli na mpira wa kikapu, vyuo vingi vikamtaka, na Jim Brown mwenyewe akasaidia kumshawishi achague Syracuse, ambako alipewa namba 44. Kwa kuwa kanuni za wakati ule hazikuwaruhusu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kuu, vuli ya 1959 ilikuwa ya kwanza kwake, na aliingia uwanjani akiwa na umri wa miaka 19. Waliomjua wanakubaliana juu ya upole wake. Alizungumza polepole, alimwangusha mtu kisha akamwinua, na hakuonekana kuibeba sifa yake mbele ya wenzake.

Hata hivyo, kulitaja jina la Davis peke yake ni kuidhulumu timu ile. Nguvu yake ilikuwa mstari, watu saba ambao waandishi waliwapa jina la sifa kwa sababu ya ukubwa wa miili yao, na ambao leo majina yao yanakumbukwa na wachache: Fred Mautino na Gerry Skonieczki kwenye ncha, Bob Yates, ambaye pia alikuwa mpigaji mpira kwa mguu, Maury Youmans, Bruce Tarbox, Al Bemiller katikati, na Roger Davis, aliyetajwa katika kikosi bora cha taifa cha mwaka huo. Pamoja nao alikuwapo John Brown, mtu mweusi mrefu na mzito aliyecheza mstari uleule. Nyuma yao walikuwapo nahodha Gerhard Schwedes, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuja Marekani akiwa kijana, na fulubeki Art Baker, mweusi, ambaye mwaka huohuo alikuwa bingwa wa mieleka wa vyuo vya nchi nzima katika uzito wake. Wenye nafasi ya kwotabeki, Dave Sarette na Dick Easterly, wote walikuwa wa mwaka wa pili kama Davis, jambo lililompa kocha wasiwasi mkubwa kabla ya msimu, maana kwotabeki ndiye ubongo wa timu na ubongo wa Syracuse ulikuwa haujawahi kujaribiwa.

Msimu ulianza tarehe 26 Septemba katika uwanja wa Archbold, uwanja wa zege uliojengwa mwaka 1907 katika bonde lililochimbwa ndani ya eneo la chuo. Kansas walifungwa 35 kwa 21, na pointi hizo 21 zikawa nyingi kuliko zote ambazo timu yoyote ingepata dhidi ya Syracuse mwaka huo. Wiki moja baadaye Maryland, walewale wa 1937, walikuja wakaondoka na 29 kwa 0.

Mechi ya tatu ilichezwa Norfolk, Virginia, dhidi ya chuo cha jeshi la wanamaji, na mahali hapo panastahili maelezo kuliko matokeo yake ya 32 kwa 6. Mwaka mmoja tu kabla, serikali ya jimbo la Virginia ilikuwa imefunga shule sita za mji huo ili watoto weusi wasikae darasa moja na weupe. Zilifunguliwa Februari 1959 kwa amri ya mahakama, na watoto weusi 17 wakaingia. Katika mji huohuo, miezi minane baadaye, Davis, Baker na Brown walicheza mbele ya umma.

Holy Cross walifungwa 42 kwa 6, West Virginia 44 kwa 0, Pittsburgh 35 kwa 0. Mwishoni mwa Oktoba ilikuwa wazi kwamba karibu haiwezekani kukimbia na mpira dhidi ya mstari wa Syracuse. Hadi msimu wa kawaida unaisha, wapinzani walikuwa wamepata kwa kukimbia wastani wa yadi 19.3 tu kwa mechi nzima, umbali ambao mkimbiaji mzuri huweza kuumaliza kwa mbio moja.

Jaribio la kweli lilikuja tarehe 7 Novemba katika uwanja wa Penn State, jirani na mshindani wa siku zote, ambaye naye alikuwa hajafungwa. Penn State walitangulia kwa tachidauni, wakakosa nyongeza. Syracuse wakajibu kwa tachidauni tatu, na kufikia robo ya mwisho walikuwa mbele 20 kwa 6. Hapo Roger Kochman wa Penn State aliudaka mpira wa kuanzishia karibu na mstari wake mwenyewe na kukimbia nao yadi 100 bila kuguswa, na matokeo yakawa 20 kwa 12. Muda si mrefu mpira uliopigwa na Syracuse kuondoa hatari ukazuiwa na Andy Stynchula, ukaangukia karibu kabisa na mstari wa goli, na Penn State wakafunga tena: 20 kwa 18. Walihitaji pointi 2 za nyongeza ili kusawazisha, wakazuiwa. Mara tatu walikuwa wamefunga tachidauni na mara tatu wamekosa nyongeza.

Kilichofuata ndicho kipande bora cha msimu, ingawa hakina mbio ndefu wala pasi ya kushangiliwa. Syracuse waliuchukua mpira na hawakuurudisha. Kwa dakika zote zilizobaki mashabiki wa nyumbani walitazama mstari ukisukuma yadi tatu, yadi nne, yadi mbili, wakimbiaji wakizama katikati ya rundo la watu na kuinuka na matope, majaribio manne yakizaa mengine manne, saa ikienda, mpaka mechi ikaisha mpira ukiwa bado mikononi mwao. Timu ambayo watu wa nje waliita laini ilijilinda kwa kukataa kumpa mpinzani mpira.

Siku hiyohiyo timu ya Louisiana State, iliyokuwa ikiongoza nchi, ilifungwa na Tennessee 14 kwa 13, nayo pia baada ya kuzuiwa katika jaribio la pointi 2. Kanuni iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja ilikuwa imeamua mechi mbili kubwa katika jioni moja, na Syracuse wakapanda hadi nafasi ya kwanza.

Kupanda huko kunahitaji maelezo, kwa sababu futiboli ya vyuo haikuwa na mashindano ya mtoano wala fainali. Bingwa alipatikana kwa kura: waandishi wa habari walipiga zao kupitia shirika la Associated Press, makocha wakapiga zao kupitia shirika la United Press International, kila wiki, na kura za mwisho zilipigwa mapema Desemba, kabla ya mechi za boli. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro kubwa, hasa kwamba timu nyingi za Kusini zilikataa kucheza na timu zenye watu weusi, hivyo hazikuweza kulinganishwa uwanjani na timu kama Syracuse. Mississippi na Louisiana State, zilizomaliza katika nafasi ya pili na ya tatu kwenye kura za waandishi, zilikuwa za weupe watupu, na zikamaliza mwaka kwa kucheza zenyewe kwa zenyewe huko New Orleans.

Syracuse waliwapiga majirani zao wa Colgate 71 kwa 0 na Boston University 46 kwa 0, ushindi mkubwa usiohitaji maneno mengi. Palibaki safari ya Los Angeles ya tarehe 5 Desemba, dhidi ya timu ya Chuo Kikuu cha California cha mji huo, mbele ya watazamaji wa televisheni wa nchi nzima. Hapo ndipo wale waliodhani rekodi ya Syracuse imejengwa juu ya wanyonge wa Mashariki walipojionea wenyewe: 36 kwa 8. Katika msimu huo wa kawaida wa mechi kumi Syracuse waliongoza nchi nzima kwa yadi walizopata na pia kwa uchache wa yadi walizoruhusu. Davis alikimbia yadi 686 kwa wastani wa yadi 7 kila alipopewa mpira. Kura za waandishi na za makocha zote mbili ziliwapa ubingwa, wakaalikwa Cotton Bowl kukutana na Texas, timu ya nne nchini.

Chuo Kikuu cha Texas, chini ya kocha Darrell Royal, kilikuwa na timu imara iliyoshindwa mara moja tu mwaka mzima. Hakikuwa na mchezaji mweusi, na hakikuwahi kuwa naye. Siku chache kabla ya mechi Davis aliumia msuli wa nyuma ya paja mazoezini, na hadi asubuhi ya mwaka mpya haikujulikana kama angeweza kukimbia.

Jibu lilikuja kabla dakika mbili hazijaisha. Syracuse walikuwa nyuma kabisa, kwenye yadi yao ya 13. Sarette alimrushia Schwedes mpira kwa ubavuni, Schwedes akakimbia pembeni kama mtu anayetafuta njia, walinzi wa Texas wakamfuata, naye akasimama ghafla na kuutupa mpira mbali hadi kwa Davis, aliyekuwa amewapita wote kimyakimya. Akaudaka na kuondoka nao, paja likiwa limefungwa bandeji, hadi ng'ambo ya mstari. Pasi hiyo ya yadi 87 ilikuwa ndefu kuliko zote zilizowahi kuzaa tachidauni katika historia ya Cotton Bowl. Davis alifunga tena kwa kukimbia yadi moja, akaongeza pointi 2 mara mbili, na kwa kuwa alipaswa pia kulinda, akaiba pasi moja ya Texas. Kabla ya mapumziko, Syracuse wakiwa mbele 15 kwa 0, ngumi zilizuka, na chanzo chake kilikuwa matusi ya rangi waliyotupiwa wachezaji weusi wa Syracuse. John Brown alikuwa katikati ya ugomvi huo. Texas walipigana mpaka mwisho, wakapata pointi 14 katika kipindi cha pili, lakini Schwedes alikuwa amefunga ya tatu na matokeo yakabaki 23 kwa 14. Davis alichaguliwa mchezaji bora wa mechi.

Usiku ule kulikuwa na karamu ya kutoa zawadi. Wachezaji weusi walielezwa kwamba baada ya zawadi kutolewa walitakiwa waondoke, kwa sababu sehemu iliyosalia ya sherehe ilikuwa ya weupe. Kijana wa miaka 20 aliyekuwa ametajwa mchana kuwa bora kuliko wote waliokanyaga uwanja ule alikabidhiwa tuzo yake na kuonyeshwa mlango, pamoja na Baker na Brown. Wenzao weupe walikasirika, na wapo waliotaka timu nzima itoke. Hakuna mazingira ya wakati yanayoweza kuutetea uamuzi ule. Watu walioufanya walikuwa wameona kwa macho yao, kwa saa mbili na nusu, kwamba hoja yote iliyoshikilia ubaguzi michezoni ilikuwa uongo, na bado wakaamua kuitii.

Davis aliendelea. Mwaka 1961 alipewa Tuzo ya Heisman, inayotolewa kila mwaka kwa mchezaji bora wa vyuo, na akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Rais John Kennedy, aliyekuwa New York siku hiyo, aliomba wakutane, wakapeana mikono. Timu za kulipwa zilimchagua kabla ya wengine wote, akaangukia Cleveland Browns, ambako angecheza pamoja na Jim Brown. Katika kiangazi cha 1962 madaktari waligundua ana saratani ya damu. Hakucheza mechi hata moja ya kulipwa. Alikufa tarehe 18 Mei 1963, akiwa na umri wa miaka 23, na akazikwa Elmira.

Schwartzwalder aliendelea kufundisha Syracuse hadi 1973, na heshima aliyopata kwa kuwapanga Brown, Davis na wengine baada yao haikumzuia kukosea vibaya. Mwaka 1970 wachezaji weusi tisa wa timu yake walisusia mazoezi wakidai kocha msaidizi mweusi, matibabu bora, msaada wa masomo na haki sawa katika kugawiwa nafasi. Aliwasimamisha, na wengi wao hawakucheza tena. Madai yao yalikuwa ya haki, na mtu aliyeshuhudia karamu ya Dallas alipaswa kuyaelewa haraka kuliko wengine. Chuo kiliwaomba radhi na kuwapa nishani mwaka 2006, miaka 36 baadaye.

Mwaka huohuo wa 1970 Julius Whittier alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea timu kuu ya Texas, miaka kumi baada ya Davis kuifunga. Uwanja wa Archbold ulibomolewa baada ya msimu wa 1978 na mahali pake pakajengwa uwanja wenye paa. Mwaka 2005 namba 44 ilistaafishwa. Tangu 1959 chuo hicho hakijapata ubingwa mwingine wa taifa wa futiboli.